Kabla ya Kuhamia Kusini mwa Nairobi: Onja Maji Kwanza, Vigae Utavitazama Baadaye

Matangazo ya nyumba za kupanga upande wa kusini wa Nairobi yanafanana kama shilingi kwa ya pili: vigae vinavyong'aa, kabati za jikoni, "maji saa 24", "dakika 20 hadi mjini". Hayo mawili ya mwisho ndiyo huamua kama mpangaji atakaa mwaka au atahama baada ya miezi mitatu, na ndiyo ambayo picha haiwezi kuonyesha. Tathmini hii ni ya mgeni anayetoka Mombasa, Kisumu, Kakamega au Arusha, amepata kazi Industrial Area, Upper Hill au kando ya Mombasa Road, na ameambiwa atafute nyumba "upande wa South". Tunaipima mitaa saba, yaani South B, South C, Lang'ata, Imara Daima, Syokimau, Ongata Rongai na Kitengela, kama huduma unayoilipia kila mwezi.

Kwanza ujue kwamba mitaa hiyo haiko katika kaunti moja. South B, South C, Lang'ata na Imara Daima ni Kaunti ya Nairobi. Syokimau ni Machakos. Rongai na Kitengela ni Kajiado. Katika mazungumzo kila mtu huko husema anaishi Nairobi, lakini bomba la maji halidanganyiki: Rongai huhudumiwa na kampuni ya Oloolaiser, Syokimau ni eneo la kampuni ya Mavoko, na Kitengela hutegemea zaidi bomba la Nolturesh linalotoka mbali huko chini ya Kilimanjaro, pamoja na visima. Ratiba ya mgao inayotolewa na kampuni ya maji ya jiji la Nairobi haikuhusu ukiwa ng'ambo ya mpaka.

Maji

Maji ya Nairobi hutoka kaskazini. Bwawa la Ndakaini, linalobeba mita za ujazo milioni 70 likijaa, liko Murang'a. La Sasumua liko Nyandarua. Maji huteremka hadi kwenye matangi makubwa ya pande za Gigiri na Kabete, kisha ndipo hugawiwa mitaani. Mitaa ya kusini iko mwishoni mwa safari hiyo ndefu, na maji hutolewa kwa mgao: mtaa huu siku hizi, ule siku zile. Kwa hiyo keateka, yaani mtunza jengo, akikuambia maji hayakosekani, muulize yanatoka wapi siku ambayo si ya mgao. Majibu huwa matatu tu: yamehifadhiwa kwenye matangi, kuna kisima, au bowza, lori la maji, huja kuuza. Majengo mengi huchanganya yote matatu, na kila chanzo kina bei yake na ladha yake.

Piga hesabu mwenyewe. Mtu mzima anayeoga mara moja, anayefua kwa mikono na kutumia choo cha kuvuta maji atamaliza kama lita 60 kwa siku akijibana. Watu wanne ni lita 240. Mgao ukiwa wa siku tatu zinazofuatana kwa wiki, mtakaa siku nne bila bomba, yaani lita 960. Basi kila nyumba inahitaji hifadhi ya kama lita 1,000. Jengo la nyumba 24 linataka lita 24,000. Simama nje uhesabu matangi meusi yaliyo juu ya paa, kisha uliza kama kuna tangi la chini ya ardhi na lina ukubwa gani. Ukikuta matangi mawili ya lita 5,000 na chini hakuna kitu, hiyo ni kama lita 400 kwa kila nyumba. Siku ya pili jioni mtakuwa mmepanga foleni na jerikeni.

Tangi la chini ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Bomba la mgao mara nyingi huja usiku wa manane na msukumo mdogo usioweza kupanda hadi paa la ghorofa ya tano. Jengo lenye tangi la chini hujaza polepole, halafu pampu hupandisha asubuhi. Lisilo nalo husubiri msukumo ambao haufiki, na siku ya mgao hupita hivyo hivyo. Ila pampu inakula stima. Stima ikipotea kutwa nzima, matangi ya paa yanaweza kukauka huku chini kumejaa tele. Uliza kama pampu ina jenereta, na nani hulipia mafuta yake.

Ukiwa ndani ya nyumba, fungua bomba la jikoni na shawa kwa pamoja. Ndoo ya lita 20 chini ya bomba la jikoni ikichukua zaidi ya dakika tano kujaa, msukumo ni dhaifu. Ghorofa ya juu kabisa ndiyo huumia zaidi, kwa sababu tangi liko mita chache tu juu ya kichwa chako. Watu huipenda ghorofa hiyo kwa upepo na utulivu, wakahamia, kisha wakagundua shawa ya umeme haiwaki: shawa hizo zina swichi ya ndani inayosukumwa na maji yenyewe, na maji yakiwa dhaifu swichi haifungi. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha. Elewaneni na mwenye nyumba nani atainunua kabla hujalipa chochote.

Halafu onja maji. Kweli, yaweke mdomoni. Visima vya Syokimau, Athi River na Kitengela mara nyingi vina chumvi ambayo ulimi huitambua papo hapo. Tazama pia kichwa cha shawa na shingo za mabomba: ukoko mweupe na kutu ya kijani ni ushahidi ambao keateka hawezi kuufuta kwa kitambaa. Maji ya namna hiyo hula mabomba ya chuma, huacha madoa kwenye vyombo, na huharibu chuma cha kupasha moto ndani ya birika na shawa.

Kitu kisichoonekana wala kusikika mdomoni ni floridi. Visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vina floridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Mtu mzima aliyehamia na meno yake hatabadilika rangi ya meno. Mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, hasa chini ya miaka minane, ndiye atakayetoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Na hapa wengi hukosea: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi hubaki ile ile katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini haisaidii, wala kichungi cha mshumaa. Kinachosaidia ni mashine za RO, zile zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana, au vichungi vya mkaa wa mifupa, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Maduka ya kujaza maji ya kunywa yapo karibu kila mtaa. Uliza wanatumia mashine gani na walibadilisha utando lini. Ukiwa na watoto wadogo na nyumba inatumia kisima, weka gharama ya maji ya kunywa na ya kupikia katika bajeti tangu mwezi wa kwanza, maana uji na chai pia ni maji.

Bili nayo ina mambo yake. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Familia yetu ya lita 240 kwa siku itatumia uniti 7 na kidogo kwa mwezi. Mwenye nyumba akitoza shilingi 150 kwa uniti, ni kama 1,080. Akitoza 250, ni 1,800. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye tangazo. Uliza bei ya uniti, uone mita yako kwa macho, na upige picha namba zake siku ya kuingia. Kukiwa hakuna mita na bili "hugawanywa sawa", aliye peke yake ataoshea watu nguo zao kila mwezi.

Stima, tokeni na shawa

Nyumba nyingi zina mita ya tokeni, yaani ya kulipia stima kabla ya kuitumia, ya kampuni ya umeme ya Kenya Power. Unalipa kwa M-Pesa kupitia Paybill 888880, namba ya akaunti ikiwa namba ya mita, na ujumbe huja na tarakimu 20 za kubonyeza. Kabla ya kusaini chochote, nunua tokeni ya shilingi 100 mkiwa pale na keateka, uiingize mwenyewe. Jaribio hilo dogo linafichua mambo matatu. Mita ikiwa na deni la mpangaji aliyetoka, sehemu ya pesa itakatwa na ujumbe utaonyesha. Mita ikiwa haikuwahi kusasishwa, itakataa: mita zote zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na nyumba iliyokaa tupu tangu wakati huo inaweza kuwa bado. Utaletewa mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza ni ya kusasisha na la tatu ndilo stima yenyewe, na lazima yaingizwe kwa mpangilio huo. Na jambo la tatu ambalo jaribio hilo linafichua: utaona umepata uniti ngapi.

Idadi hiyo ya uniti inategemea daraja la mita. Wateja wa nyumbani wamegawanywa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita: hadi uniti 30 kwa mwezi ndiyo bei nafuu, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100. Wastani unaenda na mita, haumfuati mtu. Ukiingia nyumba ya mtu aliyekuwa akipikia stima, utarithi bei yake hadi matumizi yako madogo yaushushe wastani.

Kuna na mita ndogo za mwenye nyumba, ambazo tokeni zake hazitoki Kenya Power. Jengo zima lina mita moja kubwa, na kila nyumba ina kijimita kinachojazwa kupitia Paybill nyingine yenye makato yake. Uniti huwa ghali zaidi, na mfumo wao ukikwama Jumapili usiku hakuna wa kumpigia. Mbaya zaidi, mwenye nyumba asipolipa ile bili kubwa, jengo zima hukatiwa, hata wewe mwenye uniti 50 kwenye kijimita. Si sababu ya kuikataa nyumba nzuri. Ni sababu ya kuomba kodi ishuke kidogo, na ya kuwauliza majirani kama imewahi kutokea.

Shawa ya umeme ya kawaida hula kama wati 5,500. Dakika kumi za kuoga ni kama uniti 0.9. Watu watatu wakioga hivyo kila siku ni uniti 80 hivi kwa mwezi kabla hujawasha taa, na umeshavuka daraja la kwanza muda mrefu. Mkondo wake hufika ampea 23, kwa hiyo waya uwe wa milimita 4 za mraba na breka yake iwe peke yake. Mafundi wa haraka huiunganisha na waya wa soketi. Utajua kwa harufu ya plastiki inayoungua na breka inayoruka kila mtu anapooga. Na kama maji ni ya chumvi, sharti shawa iwe aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo chuma chake cha moto kimefunikwa kisiguse maji. Chumvi hupitisha umeme. Shawa ya kawaida kwenye maji ya Kitengela, nyumba ikiwa haina waya wa ardhi, itakurusha. Hili halina mjadala: ukigusa bomba ukahisi mtetemo, zima, usioge, ita fundi.

Njia ya kwenda na kurudi

Usitazame nyumba Jumapili. Jumapili mchana Rongai ni karibu na mji, na Kitengela ni mwendo wa wimbo mmoja mrefu. Nenda Jumanne, uwe kwenye steji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande matatu hadi kazini kwako, halafu urudi jioni baada ya saa kumi na moja. Ikiwezekana chagua siku ya mvua. Hakuna ushauri mwingine katika tathmini hii unaookoa pesa kuliko huu.

Rongai ina tatizo la jiografia. Matatu za 125, na 126 zinazoendelea hadi Kiserian, hupakia upande wa Railways na kupita Lang'ata Road hadi Bomas, kisha huingia Magadi Road. Upande mmoja wa barabara hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa tangu 1946, kwa hiyo hakuna atakayekata njia ya mkato huko. Mbele kuna Mto Mbagathi na daraja lake. Lori moja likiharibika kati ya Bomas na daraja, mji mzima wa Rongai umefungiwa mlango. Wanaoijua hukimbilia Gataka na kutokea Karen, lakini njia hiyo nayo hujaa mara habari zikienea.

Sasa ipime kwa shilingi. Chukua nauli ya 100 asubuhi na 100 jioni, ongeza bodaboda ya 50 kutoka nyumbani hadi barabarani na 50 kurudi. Ni 300 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 6,600. Wawili mkiwa kazini ni 13,200. Na nauli haisimami: mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, ya 100 huwa 150 au zaidi, na makanga hana haja ya kubembeleza mtu. Nyumba ya Rongai iliyo rahisi kwa shilingi 8,000 kuliko ya South B si rahisi kwa wawili wanaofanya kazi mjini. Kwa anayefanya kazi nyumbani, au anayefundisha Rongai kwenyewe, ni rahisi kweli, na nafasi ni kubwa.

Syokimau na Imara Daima zina kitu ambacho mitaa mingine hapa haina: treni ya kuingia katikati ya mji. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa 2012, na treni hupita Imara Daima na Makadara hadi Nairobi Central. Treni haijui msongamano wa Mombasa Road. Lakini ratiba yake imepangwa kwa ajili ya watu wa ofisini: asubuhi kuingia mjini, jioni kutoka. Mwenye zamu ya usiku au anayetoka kazini saa nane mchana hawezi kuitegemea. Pima pia umbali wa mlango wako hadi kituoni. Nyumba nyingi zinazotangazwa "karibu na stesheni" huko Syokimau zinahitaji bodaboda, na wakati wa mvua, matope meusi yatakushikilia viatu.

Barabara ya juu, ile Expressway ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni ya kulipia. Mwenye gari anayeishi Syokimau aitie kwenye hesabu ya mwezi, asiichukulie kama anasa ya mara moja. Ukishaizoea, kurudi chini ni vigumu. Kwa Kitengela haisaidii sehemu mbaya kuliko zote, ambayo ni kutoka Kitengela hadi uifikie Mlolongo, hasa pale barabara ya Namanga inapokutana na ya Mombasa. Matatu za 110 hukwama hapo hapo na wengine.

Udongo

South B, South C, Imara Daima, Syokimau na Kitengela zina sehemu kubwa zilizo juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyumba ambayo msingi wake haukufukuliwa hadi kwenye mwamba, au udongo huo haukuondolewa na kujazwa kokoto, hupanda na kushuka kila msimu. Utaona nyufa za mshazari zinazoanzia kona za madirisha na milango. Ufa mwembamba wa plasta si neno. Ufa unaoingiza sarafu, unaopita ndani na nje ya ukuta, au mlango usiofunga kwa sababu fremu imepinda, hapo aga uondoke. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya dirisha inastahili swali.

Udongo huo pia haunywi maji haraka. Mvua za Machi hadi Mei zikija kwa nguvu, South C hujaa maji barabarani na kwenye vyumba vya chini, kwa sababu ni tambarare, mifereji huziba, na nyasi zilizokuwa zikinywa maji zimegeuka kuwa zege. Ukitazama nyumba ya chini, chunguza ukuta kwa nje kiasi cha goti: mstari wa kahawia, plasta iliyovimba, au kizingiti cha saruji kilichoongezwa mlangoni vinaeleza kila kitu. Kisha muulize mwenye kioski ng'ambo ya barabara, si keateka: "Mama, mvua ya masika maji hufika wapi hapa?" Atakuonyesha kwa mkono.

Mtaa kwa mtaa

South B ndiyo ningempendekezea mgeni wa kwanza kabisa aliye peke yake na anayefanya kazi Industrial Area au mjini. Unaweza kwenda kwa miguu, hospitali ya Mater iko hapo, soko liko karibu, na nyumba zipo za kila mfuko, kuanzia bedsita hadi nyumba za familia zenye geti. Inapakana na mtaa wa mabanda wa Mukuru, na upande huo harufu ya viwanda na ya Mto Ngong huja na upepo. Tembea usiku mara moja kati ya steji na geti kabla hujaamua.

South C ni tulivu zaidi na ghali zaidi. Misikiti na maduka ya nyama ya halali ni mengi, chakula cha jioni utakipata hata umechelewa, na familia zenye watoto hukaa miaka. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson huanza asubuhi na mapema; mwenye usingizi mwepesi asipange upande wa Lang'ata Road. Magorofa marefu yamekuwa yakichipuka kati ya nyumba za zamani bila mabomba ya maji taka kupanuliwa kwa kasi hiyo hiyo, kwa hiyo vuta choo cha chini na usikilize kama kinakoroma.

Lang'ata, yaani Otiende, Ngei, Onyonka, Southlands na jirani zao, ina nyua, miti na baridi. Mtu wa Mombasa ajiandae: kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, haina mzaha, na Lang'ata ni baridi kuliko South B. Mablanketi mawili mazito yaingie kwenye bajeti ya kuhama. Nyumba nyingi ni za zamani na zimejengwa vizuri, ila mabomba yake ya chuma yamechoka ndani. Maji ya kahawia asubuhi ndiyo dalili. Walio karibu na hifadhi wafunge dirisha la jikoni wanapotoka, kwa maana nyani wanajua mkate uko wapi.

Imara Daima ni biashara nzuri kama kazi yako iko kando ya Mombasa Road na utapata nyumba ndani ya geti. Epuka magorofa yaliyokaribiana kiasi cha kupeana mikono dirishani: taa itawaka mchana kutwa na nguo hazitakauka. Syokimau ni ya mwenye gari au mpenzi wa treni. Rongai ni ya mwenye kazi ya huko au ya mtandaoni. Ina uhai, muziki wa matatu na masoko mazuri, na kelele za baa upande wa barabara kuu hadi usiku, kwa hiyo ingia ndani kilomita moja hivi. Kitengela ina nyumba kubwa kwa bei ambayo South C ingekupa chumba kimoja, na kwa anayefanya kazi EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, huko Athi River hakuna pa kumshinda. Kwa anayeripoti Westlands saa mbili asubuhi, simshauri hata kidogo.

Pesa na karatasi

Kodi ikiwa 20,000, njoo na zaidi ya 40,000. Utalipa mwezi wa kwanza na depoziti ya mwezi mmoja, wengine hudai miwili, kisha depoziti ya maji na stima, usafiri wa vitu, na pengine malipo ya ajenti. Ada ya "kuonyeshwa nyumba" hutozwa na ajenti wengi wa mtaani, na hairudi hata nyumba ikiwa si ile ya picha. Keateka wa jengo mara nyingi atakuonyesha bure. Tembea mtaani ukisoma vibao vya getini. Mawakala wa nyumba na mashamba hutakiwa kisheria kusajiliwa na bodi yao, kwa hiyo kumuuliza mtu namba ya usajili si utovu wa adabu.

Utapeli unaowapata wageni zaidi ni huu: mtu amekodi nyumba ya muda mfupi yenye fanicha, au ana ufunguo wa nyumba tupu, anakuonyesha kila kitu, anataka depoziti leo "kuna mtu mwingine anakuja saa kumi". Nyumba ipo, ufunguo upo, ila si yake. Kinga yake ni rahisi. Bisha mlango wa jirani, usalimie, uulize: "Samahani dada, ninyi hapa kodi mnalipia Paybill gani?" Jina linalotokea M-Pesa kabla ya kuthibitisha malipo lilingane na alilokutajia. Depoziti ikitakiwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi wakati wapangaji wote hulipia benki, usitume.

Mkataba useme kodi hupandishwa baada ya muda gani, notisi ni ya siku ngapi, na depoziti hurudishwa lini. Siku ya kuingia, zunguka na keateka ukirekodi video: kila soketi, kioo, kitasa, doa la ukuta, mita zote mbili. Mtumie papo hapo, ujumbe uwe na tarehe. Depoziti nyingi huliwa na "gharama ya rangi" wakati wa kutoka, na asiye na video hana la kusema. Uliza pia mtandao: majengo mengi yana kampuni moja tu iliyoruhusiwa kupitisha waya, na kama unafanya kazi ya mtandaoni, jaribu kasi yake nyumbani kwa jirani saa mbili usiku.

Mahakama ya kodi za nyumba inayotajwa sana, ile ya Rent Restriction, husikiza nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo karibu nyumba zote tulizozitaja ziko nje ya mamlaka yake. Mwenye nyumba akikataa na depoziti, njia iliyo wazi ni Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai hadi shilingi milioni moja na ambako unaweza kujisimamia bila wakili. Utahitaji mkataba, ujumbe za M-Pesa, ile video, na notisi yako ya kuhama iliyoandikwa. Unapotoka pia omba barua ya kuthibitisha huna deni, kwa sababu mlinzi wa geti hataruhusu kochi lipite bila hiyo, na mitaa mingi hairuhusu lori la kuhama baada ya saa kumi na mbili jioni.